Safu tatu za karatasi: nilivyosoma uzamili wa saikolojia ya tabia nikiwa kazini

Nilipojiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia ya tabia za binadamu, nilikuwa nimeongoza watu kazini kwa miaka tisa na niliamini kwamba ninawajua. Kila mmoja nilikuwa nimempa jina moyoni mwangu: huyu mvivu, yule mjuaji, yule mwingine hana moyo wa kazi. Nilichotarajia kutoka chuoni ni maneno ya kitaalamu ya kuthibitisha yale niliyokwisha kuyaamua, pamoja na cheti cha kunipandisha ngazi. Miaka miwili na nusu ya masomo ya jioni ilinipeleka kwingine kabisa, na ninaeleza ilivyokuwa kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za masomo haya wanatarajia kilekile nilichotarajia mimi.

Katika muhula wa kwanza tulipewa karatasi yenye safu tatu: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata. Tulitakiwa kuchagua tendo moja linaloonekana na kuhesabika, tulifuatilie kwa majuma manne, na tusiandike neno lolote la kumsifu au kumlaumu mtu. Nilichagua ripoti za kila juma za kijana mmoja wa kitengo changu, ambazo zilikuwa hazifiki kwa wakati. Rasimu yangu ilirudi ikiwa imepigwa mstari chini ya maneno "hajali muda", na pembeni mhadhiri alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hili hukuliona. Uliona nini?"

Nikaanza upya. Kufikia juma la tatu safu ya mwisho ilikuwa imeanza kusema jambo ambalo sikupenda kulisoma. Kila kijana yule alipowahisha ripoti, kilichofuata ni kwamba mimi mwenyewe nilimkabidhi ripoti za wenzake waliochelewa ili azirekebishe. Alipochelewa, aliambulia maneno makali ya dakika moja, kisha akaenda zake nyumbani. Nilikuwa nikimwadhibu kwa kuwahi, na nikimlaumu kwa kujifunza somo nililomfundisha. Nilimwita nikamwonyesha karatasi ile, safu kwa safu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bosi, mimi nilidhani unajua."

Wazo kwamba tendo hukua au hufifia kulingana na matokeo yake ni la zamani katika taaluma hii. Edward Thorndike aliliandika mwaka 1898 baada ya kuwachunguza paka waliojifunza kujifungulia vizimba, na B. F. Skinner akalipanua kwa majaribio ya miaka mingi. Nilikuwa nimelisoma na hata kulikariri kwa ajili ya mtihani, lakini sikuwa nimelielewa mpaka nilipoliona kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Utafiti ulionigusa kuliko wote ni ule wa John Darley na Daniel Batson wa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia, wakawatuma jengo jingine kutoa hotuba, na njiani wakamweka mtu aliyejikunja akikohoa kana kwamba anaumwa. Miongoni mwa walioambiwa kwamba bado wana muda, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumzia kisa cha Msamaria Mwema. Ukisoma hayo kwa makini, inakuwa vigumu kuendelea kumwita mtu hana utu kabla ya kuuliza alikuwa anakimbilia wapi.

Kuhusu muda, sitaficha kwamba mwaka wa kwanza ulinielemea. Nilikuwa nikijiahidi kusoma "nikipata nafasi", na nafasi haikupatikana. Kilichonisaidia ni kazi ya Peter Gollwitzer kuhusu mipango ya namna ya "ikiwa hivi, basi vile", yaani kulifunga tendo kwenye jambo ambalo lazima litokee. Nikaandika: nikishamaliza kunawa uso saa kumi na moja alfajiri, nitakaa mezani na kufungua daftari la takwimu. Nilijipa moyo pia kwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliochapishwa mwaka 2010, ambao ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya: ilichukua kati ya siku 18 na 254 kwa tendo kuwa jambo la kujiendea lenyewe, na mtu wa katikati ya orodha alitumia siku 66. Kwangu mimi ilichukua zaidi ya miezi mitatu, na kujua kwamba hilo ni la kawaida kulinizuia nisikate tamaa mwezi wa pili.

Takwimu ndizo zilizonitoa jasho. Niliacha kukimbilia kompyuta na nikahesabu mifano midogo kwa mkono, namba kumi kumi, mpaka nikaelewa kwa nini wastani wa makundi mawili unaweza kutofautiana kwa bahati tu. Ufahamu huo ulinisaidia kusoma, bila kuyumba, matokeo ya mwaka 2015 ya watafiti waliorudia majaribio 100 ya saikolojia: ingawa asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimetangaza matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyo rahisi kutokea kwa bahati tu, ni asilimia 36 tu ya marudio yaliyopata hivyo. Wenzangu wawili darasani walisema tunapoteza ada. Mimi niliona kwamba taaluma inayojikagua hadharani namna hiyo inastahili kuheshimiwa.

Kwa anayefikiria kujiunga, aulize mapema jambo moja ambalo mimi nililiuliza nikiwa nimechelewa: je, shahada hiyo inakupa sifa za kuomba leseni? Kusoma tabia za binadamu hakumfanyi mtu kuwa mshauri nasaha wala mtaalamu wa tiba ya akili. Katika nchi nyingi kazi hizo zinadai mafunzo yake maalumu na saa nyingi za kufanya kazi chini ya usimamizi. Shahada yangu ilinielekeza kwenye mafunzo na maendeleo ya wafanyakazi, na ndiyo kazi ninayoifanya sasa. Inanifaa, ila mwenzangu mmoja alitaka kutibu, na ilimbidi aanze programu nyingine.

Tasnifu yangu nilitaka kuifanya katika kitengo changu. Kamati ya maadili ilikataa, na ilikuwa na haki: mfanyakazi hawezi kuikataa fomu ya ridhaa anayopewa na bosi wake kwa uhuru uleule anaoweza kuikataa ya mgeni. Nilihamia idara nyingine, kwa watu sita waliokubali, nikahesabu kwanza hali ilivyokuwa kabla sijabadilisha chochote, kisha nikaanza kuwapa mrejesho wa papo hapo, kila mmoja kwa juma lake tofauti ili nisije nikadhani mabadiliko ya msimu ni kazi ya mikono yangu. Wanne walibadilika waziwazi. Wawili michoro yao ilibaki palepale.

Niliwawaza wawili hao usiku kadhaa, nikitafuta namna ya kuwapunguzia nafasi katika sura ya matokeo. Msimamizi wangu alisoma rasimu akaniuliza kama nimeshajaza safu ya kwanza kwao. Sikuwa nimeijaza vizuri. Nilirudi idarani, na kwa siku nne niliketi kona moja nikiandika kilichotangulia. Mmoja alikuwa akingoja sahihi ya afisa aliyefika ofisini mara mbili kwa juma. Mwingine alitumia mashine iliyotumiwa na watu wengine watano, na zamu yake ilikuwa ya mwisho. Hakuna pongezi ambayo ingewahisha sahihi ile.

Siku ya utetezi, wanne waliofanikiwa waliulizwa kwa dakika kama kumi. Muda wote uliobaki, wajumbe wa jopo waliniuliza juu ya wale wawili, na nilijibu nikiwa nimeishika ile karatasi ya siku nne.