Msimu wa 9 wa Drag Race kwa macho ya fundi wa jukwaa Kigoma

Ukitaka kutazama msimu mmoja tu wa RuPaul's Drag Race, shindano la televisheni la Marekani linaloongozwa na RuPaul, ambalo washiriki wake, wengi wao wanaume, hujipamba na kuigiza kama wanawake, ili ujifunze kazi, tazama wa 9. Ulianza kurushwa Marekani Machi 2017, ukawa na washiriki 14, zawadi ya dola 100,000, na taji likaenda kwa Sasha Velour. Ipo misimu yenye ugomvi mtamu zaidi, na wapo watakaoapa kuwa wa 5 au wa 6 ndio baba lao. Sibishani nao. Lakini wa 9 unakifaa zaidi kikundi cha vichekesho cha Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, maana mambo makubwa ya msimu ule yalitokana na kitu kilichofichwa chini ya kingine: chini ya wigi, nyuma ya barakoa.

Kwetu mwanaume kuigiza bibi, mama mkwe au bi harusi si jambo geni. Wachekeshaji wanafanya, hata washereheshaji wa harusi wanafanya. Tatizo wengi huishia kwenye kanga, kilemba na sauti nyembamba. Ukumbi unacheka dakika 2, ya 3 watu wanarudi kwenye simu zao.

Tuanze na fainali. Walibaki wanne: Sasha Velour, Shea Couleé, Peppermint na Trinity Taylor, wakashindanishwa wawili wawili kwa pleibeki, yaani kuchezesha midomo kufuata wimbo uliorekodiwa. Sasha na Shea walipewa "So Emotional" ya Whitney Houston. Shea ndiye aliyekuwa ameshinda changamoto nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo wengi walimpa yeye. Sasha akaanza taratibu. Akavua glavu, petali zikadondoka. Wimbo ulipopanda akashika wigi kwa mikono miwili, akaliinua polepole, na petali za waridi zikammwagikia usoni. Chini ya wigi, kipara.

Rudia kipande hicho na safari hii uache petali, utazame mikono. Wigi linatoka kwa mwendo mmoja, halikwami. Maana yake halikubandikwa kwa gundi mbele. Hapo ndipo wanaoiga wanapoharibu: wamezoea kubana wigi kwa pini 8 na gundi juu, halafu wanataka litoke kwa sekunde 3.

Kwa vifaa vya hapa, fanya hivi. Chagua wigi lenye nywele nyingi utosini, ulishonee ndani kofia ngumu kiasi, ili kati ya kichwa na wigi ibaki nafasi ya vidole viwili. Mwigizaji anyoe au avae neti mbili za wigi, apakwe poda juu yake. Bila neti jasho linapanda kwenye petali, zinashikana, na kinachodondoka ni bonge moja. Petali ziwe konzi mbili tu. Ukizidisha wigi linanyanyuka na watu wanajua kuna kitu.

Waridi Kigoma ni ghali na petali zake ni nzito. Tumia bogenvilia, zile zinazojaa kwenye nyua za watu: ni kavu kama karatasi, zinashuka polepole, na hazikugharimu kitu. Zichume umande ukishakauka, uzianike kivulini juu ya gazeti kama saa moja.

Kuvaa kwenyewe kuna ujanja wake. Wigi lishikwe na mtu mwingine, mdomo ukiangalia juu, petali zikiwa ndani. Mwigizaji ndiye ainame aingize kichwa, kisha ainuke nalo. Ukilishusha toka juu kama kofia, petali zote ziko sakafuni. Libane kwa vipande viwili vya velkro vya sm 3, kimoja juu ya kila sikio. Sauti ya kubanduka inamezwa na muziki. Livaliwe dakika 10 kabla ya kupanda, si nusu saa. Tangu hapo hakuna kutikisa kichwa mpaka wakati wake ufike, kwa hiyo upangilie uchezaji wa mikono na mabega. Na feni ya ukumbini izimwe! Fundi mitambo aambiwe mapema, maana yeye anamjali mgeni rasmi.

Sasa uso. Nyusi za mwanaume ndizo zinazomuumbua kuliko ndevu. Zinafichwa kwa gundi ya fimbo ya wanafunzi, ile inayotoka kwa maji. Osha nyusi kwa sabuni, kausha kabisa. Mafuta yoyote ya kujipaka yakibaki, gundi haishiki. Paka kinyume na nywele zinavyolala, kisha upande wake, halafu chana kwenda juu kwa brashi ya maskara iliyokwisha, ukizilaza bapa. Subiri ikauke, gandamiza poda. Rudia mara 3. Kinachokosewa ni haraka: tabaka la pili likipakwa la kwanza bado bichi, gundi inajikunja vijivimbe na huwezi kuzirekebisha, unaosha unaanza upya. Miezi ya mvua, unyevu wa ziwa unafanya kila tabaka lichelewe, tenga dakika 30 kwa nyusi peke yake. Super glue usiisogeze karibu na jicho la mtu, hata kwa mzaha.

Ndevu zinyolewe saa moja au mbili kabla, si dakika ile ile, la sivyo faundesheni inachoma na vidonda vidogo vinatoa damu. Juu ya kivuli cha ndevu gonga kwa kidole lipstiki ya rangi ya chungwa iliyokolea, au nyekundu-chungwa kwa mtu mweusi zaidi, nyembamba sana. Ukiruka hatua hiyo, faundesheni peke yake inageuza kidevu kuwa kijivu, kama majivu. Faundesheni igongwe kwa sponji, isisuguliwe, maana kusugua kunaivuta ile chungwa ikatapakaa mpaka shavuni. Kisha poda nyingi, iache dakika 5 hadi 10, ndipo upanguse. Kazi ikaguliwe chini ya taa zitakazotumika usiku ule. Uso uliopambwa kwenye jua la uani hupauka chini ya taa nyeupe za ukumbi.

Nyonga zinapimwa, hazikisiwi. Pima upana wa mabega kwa mbele, tuseme sm 46. Pima nyonga, tuseme sm 36. Tofauti ni 10, gawa kwa mbili: kila upande ongeza sm 5. Nunua kipande cha sponji ya godoro cha unene huo, kiwe kigumu. Ile laini ya bei rahisi mtu akikaa mara moja inabonyea upande mmoja. Kata vipande viwili kuanzia chini kidogo ya kiuno mpaka katikati ya paja, halafu punguza kingo kwa wembe mpya mpaka ziishe kabisa. Kingo nene ndiyo aibu ya kazi nyingi: kitenge kinajichora mstari pajani na watu wa mstari wa mbele wanauona. Vaa taiti moja, weka sponji, vaa taiti nyingine 2 juu yake. Vipande viandikwe kushoto na kulia kwa kalamu, vikibadilishwa umbo linakwenda mbele.

Kuhusu viungo niseme kifupi: mshiriki mmoja, Eureka, aliumia goti kwenye changamoto ya ushangiliaji, akatolewa mashindanoni kwa ajili ya afya, akaalikwa tena msimu wa 10. Viatu virefu vina kazi zaidi ya urembo, mazoezi yafanyike navyo.

Tukio la barakoa ndilo ningemwonyesha kila anayepiga pleibeki. Kipindi cha 9 Valentina, kipenzi cha watazamaji, alisimama kushindana kwa pleibeki na Nina Bo'nina Brown akiwa amefunika mdomo kwa barakoa. RuPaul akasimamisha muziki na kumtaka aivue. Ilipovuliwa ikaonekana hajui maneno ya wimbo, akaaga mashindano.

Mdomo unasomwa kwenye herufi zinazofunga au kugusa midomo: m, b, p, f, v. Neno kama "mapenzi" lina mbili. Ukizipatia hizo, jicho linakusamehe kwingine. Ukizikosa, hata mtoto anajua unadanganya. Andika maneno kwa mkono, weka alama pale mwimbaji anapovuta pumzi, nawe uvute. Usiigize kimya: imba kwa sauti ya chini, koo na shingo vifanye kazi.

Wimbo uwe kwenye flashi na kwenye simu pia, toleo lile lile la sekunde zile zile, maana madijei wengi wana lile lililofupishwa. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Mama akipiga katikati ya pleibeki, spika zitaita ukumbi mzima.