Nilivyompeleka Baba Kilimani Capri Point

Baba aliteremka kwenye basi stendi ya Nyegezi saa tatu usiku, miguu imevimba kwa safari ya kutwa nzima: Moshi, Arusha, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, ndipo Mwanza. Aliitikia shikamoo yangu, akageuza shingo huku na huku gizani, akauliza, "Mama, huku kwenu mlima hakuna?"

Nikamwambia upo, kesho jioni nitampeleka. Akacheka kidogo, akaniachia mkono wangu aliokuwa ameushika.

Simlaumu. Nami nilikuja na dharau hiyo hiyo. Mtoto wa Moshi hukua akiangalia juu: asubuhi unafungua mlango, unakitafuta Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla hujanawa uso, na theluji ikionekana unajua siku itakuwa njema. Mwaka 2017 nilipopangiwa kufundisha jiografia Mwanza, mwalimu mwenzangu alinialika tukapande kilima cha Capri Point nikatazame jua likizama. Nilikwenda kwa kumstahi tu. Tulifika juu kabla sijaanza kutoka jasho sawasawa. Nikasimama pale nikajiuliza, ndiyo hiki?

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu. Sikufuata kilima, nilikimbia chumba. Nilikuwa mgeni, sina ndugu mjini, na jioni za mgeni ni ndefu. Nikarudi tena, na tena. Katika kurudi huko macho yakaanza kuona. Niligundua kwamba jiwe kavu linashika kiatu vizuri hata penye mwinuko mkali, lakini ile michirizi myeusi ambako maji ya mvua hupita ni ya kuogopa. Huko niliteleza Aprili moja nikachuna kiganja chote cha kulia. Nikazoeana na mjusi dume mmoja, kichwa na kifua rangi ya waridi iliyoiva, kiwiliwili bluu, anayekaa kwenye jiwe lile lile kila jioni, akiinua na kushusha kifua kama mtu anayepiga pushapu. Huenda si yule yule miaka yote. Mimi humsalimia kama ni yule yule. Na zipo pimbi, zinazojianika juani na kutumbukia kwenye nyufa zikisikia hatua, ila ukikaa kimya zinatoka tena moja moja.

Kesho yake tukapanda daladala hadi Stesheni, kisha tukatembea. Nilitaka kuchukua bajaji, baba akakataa. Nilikuwa na begi lenye chupa ya chai, vikombe viwili na maandazi. Akalichukua begani mwake bila kuuliza. Nikamwambia, baba, niachie mimi. Akasema, "Wewe ndiye mgeni wangu mlimani."

Niseme hapa kwamba baba alikuwa mgumu. Wagumu ndivyo wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro, na hakuna jina linalowafaa zaidi. Miaka 22 alibeba mizigo ya watalii njia ya Marangu, kambi kwa kambi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, na kambi ya Kibo 4,720, chini ya kilele. Ada zangu za shule zilitoka kwenye shingo ile. Magoti yake nayo yalibaki huko.

Njiani mzee mmoja aliyekaa kivulini alitusalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba." Asubuhi nilikuwa nimemfundisha baba, akaitikia, "Mwadila," kwa sauti ya Kichaga kabisa, na yule mzee akafurahi kama amepata shemeji.

Mwanzo wa mwinuko baba alisimama mbele ya jiwe kubwa lililokaa juu ya jingine, mguso wao mdogo kiasi kwamba mtu angedhani limewekwa jana na litaanguka leo. Akauliza nani aliliweka. Hapo ualimu ukanipanda. Nikamweleza kwamba hakuna aliyeliweka. Huu ni mwamba mmoja wa matale, yaani graniti, ulioganda chini sana ardhini; ukapasuka nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa na kuzila taratibu, kisha mvua zikaosha udongo na kuacha mioyo migumu ya jiwe imekaa hivi. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa Victoria lenyewe ni mtoto kwake. Lilikauka kabisa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, likajaa tena.

"Na wetu?"

"Kilimanjaro? Haujafika hata miaka milioni tatu, baba."

Akaweka kiganja kwenye jiwe. Chembe za madini zilikuwa zinameta kwa jua la jioni, nyeupe na nyeusi na nyingine za pinki, na jiwe bado lilikuwa na joto la mchana. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasema taratibu, hakuwa anatania, "Basi mkubwa ni huyu. Shikamoo."

Tulipanda. Nilikuwa nimehesabu kupumzika mara tatu kwa ajili yake. Alipumzika mara mbili. Mahali pale pa kutumia mikono nilimshika kiwiko, akakitoa, akapanda mwenyewe, akihema kupitia puani kama alivyonifundisha nikiwa mdogo.

Juu kulikuwa na upepo. Nilimwonyesha kisiwa cha Saanane hapo mbele yetu, nikamwambia ni Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 2.18, ndogo kuliko zote nchini. "Kile kisiwa tu?" aliuliza, na mara hii hakukuwa na dharau, alikuwa anakipima kwa macho. Nikamwonyesha kivuko cha Kamanga kikirudi, Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na nyumba za Igogo zilizobanana katikati ya mawe kama nazo zimeota. Ghuba ilikuwa inageuka shaba. Mitumbwi ya dagaa ilianza kutoka.

Nikamimina chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Unajua sijawahi kufika kileleni," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Kilimanjaro. Mgumu mzigo wake unaishia kambi ya Kibo. Wageni wanaamshwa usiku wa manane, wanaondoka na viongozi wao, sisi tunabaki. Asubuhi wakirudi tunawapa chai, tunawaambia hongera." Akatazama maji. "Miaka 22 nimesema hongera."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote. Picha yake akiwa na mzigo kichwani ilitundikwa sebuleni kwetu, na kila mgeni aliambiwa baba anaupanda mlima. Nilitafuta cha kusema, nikakosa. Nikasema lililokuwepo.

"Hongera, baba."

"Ahsante, mama," akajibu, na ndipo akanywa chai yake.

Tulikaa hadi taa za mitumbwi zikawa nyingi kuliko nilizoweza kuhesabu. Mjusi wangu hakutokea, ilikuwa jioni mno. Baba alikula andazi lake na nusu ya langu, akauliza upepo huu huvuma kutoka wapi wakati wa mvua, akauliza kama pimbi wanaliwa, akauliza mambo mengi.

Tulipoinuka alinipa begi. Alinivika mwenyewe, akakaza mikanda mabegani mwangu, akavuta kidogo kujaribu kama imekaa sawa. Kisha akatangulia kushuka, pole pole, akinyoosha kidole kwenye mchirizi mweusi. "Hapa usikanyage. Weka mguu huku."

Nikaweka mguu huko.