Faulo ya Tano

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa timu yangu ya kikapu alipata faulo ya tano, ile inayokutoa mchezoni, robo ya tatu haijaisha. Akaja benchi analia, akavuta jezi kufuta uso, akaniuliza, "Madam, sasa mimi nikae tu?" Nikampa chupa ya maji, nikamwambia akae ashangilie wenzake. Mechi iliendelea, lakini kichwa changu kilishafika Upanga, viwanja vya Don Bosco, mwaka ule waliposogeza mstari wa pointi tatu, ule ambao ukitupia nyuma yake unapata tatu badala ya mbili.

Waliocheza enzi hizo wanaukumbuka. Hadi 2010 mstari ulikuwa mita 6.25 kutoka golini, kisha FIBA, shirikisho la kikapu duniani, wakausukuma hadi 6.75. Kwenye karatasi nusu mita si kitu. Kwa mtu aliyejifunza kutupia akiwa na miaka kumi na nne, akijua kwa unyayo pa kusimama bila kuangalia chini, ni mbali. Na sisi wa viwanja vya nje hatukufutiwa ule wa zamani. Walipaka mpya nyuma yake, tukawa na miwili: wa njano uliochakaa na mweupe unaong'aa.

Ulikuwa pia wakati ambao kila kijana mrefu Dar aliitwa Hasheem. Thabeet, mtoto wa Makongo, alikuwa amechaguliwa wa pili mwaka 2009 kwenda Memphis Grizzlies ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, basi wavulana warefu walikuwa wanasimamishwa hadi vituo vya daladala wakiulizwa wanavaa raba namba ngapi. Sisi wasichana hakuna aliyetusimamisha. Msichana mrefu alipelekwa netiboli, akasimama chini ya goli, hadithi ikaishia hapo. Timu yetu ya chuo, siku tukijitokeza wote, tulikuwa wanane.

Siku ya fainali Mwalimu, kocha wetu, alikuwa Tanga, msibani. Msaidizi hatukuwa naye, nani angemlipa? Kanuni inasema timu isipokuwa na kocha wala msaidizi, nahodha anakaimu, na nahodha nilikuwa mimi. Nikaandikwa kwenye skoshiti, karatasi ya kumbukumbu za mechi, mara mbili, mchezaji na kocha, tukacheka sana. Robo tatu za mwanzo ukocha wangu ulikuwa kumwambia mtu "pumzika kidogo" huku mwenyewe nahema.

Wakati ule namba za jezi zilianzia 4 na kuishia 15. Mimi nilikuwa Nne. Rafiki yangu, mtupiaji wetu, alikuwa Saba.

Zilikuwa zimebaki sekunde ishirini na kitu, tuko nyuma kwa pointi mbili. Kumi na Tatu wao, dada mpana mwenye mabega ya kubeba mizigo, akapokea mpira chini ya goli letu akageuka. Nikaruka naye. Nasema hadi leo kwamba niligusa mpira kwanza. Filimbi. Refa akainua ngumi, akakimbilia mezani, akaonyesha vidole vinne, namba yangu. Pale mezani kikanyanyuliwa kibao chenye namba 5 nyekundu: faulo ya tano.

Wavulana wa upande wa pili wakaanza kuimba, "Benchi! Benchi!" Natembea kutoka, jasho linaniingia machoni, na kwa mazoea ya miaka yote nikageuka kumtazama Mwalimu nione anamwingiza nani. Kwenye kiti cha Mwalimu palikuwa na begi langu.

Wale watatu wa benchi wote wananitazama. Sekunde thelathini ndizo unazopewa kumbadilisha mtu aliyemaliza faulo, na hizo zinakwenda huku watu wananitazama. Nikasema, "Kumi na Moja, ingia." Akaingia. Yaani nilisema neno na mtu akavua fulana akaingia. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza kiasi kile. Nilikuwa nimemwambia mambo mengi maishani asifanye hata moja.

Kumi na Tatu akasogea mstarini kwa mitupo yake miwili. Wa kwanza ukagonga chuma. Hapo nikakumbuka kanuni ya wakati ule: ndani ya dakika mbili za mwisho, ukiomba taimu auti baada ya kufungwa, mpira ulikuwa hauanzii chini ya goli lako. Ulikuwa unaurusha kutoka pembeni, upande wa mbele, karibu na goli la mpinzani. Nikakimbilia mezani, jezi imechomoka, nikapiga ile T kwa mikono.

Kijana wa skoshiti akanitazama. "Dada, wewe si umetoka?"

"Nimetoka kucheza."

"Sasa?"

"Sijatoka kufundisha."

Akamwangalia refa. Refa alikuwa mzee wa makamo, mtu wa kanuni hasa, akasema bila hata kugeuka, "Huyo ndiye kocha wao. Ana haki." Ukweli ndivyo ilivyo: nahodha anayekaimu akimaliza faulo anaruhusiwa kuendelea kuongoza timu, mradi hajafukuzwa. Mtupo wa pili ukaingia. Tatu nyuma. Taimu auti, dakika moja.

Wakaja wote wanaongea. Nane anasema tumpe Kumi, Kumi anasema hapana, Saba kimya. Ubao wa kuchorea hatukuwa nao. Nikachukua chupa, nikachuchumaa, nikaanza kuchora kwa maji juu ya sementi: goli hapa, wao wako zoni, kila mtu analinda eneo lake, wawili mbele watatu nyuma, sisi hapa, hapa na hapa. Saa kumi jioni, jua bado kali, sementi ya moto. Nikifika mchezaji wa nne, wa kwanza ameshakauka. Nikachora tena haraka zaidi, wakainama zaidi, vichwa vitano vinagusana, sauti zimekatika. Nilikuwa naona mchezo mzima kutoka juu kwa mara ya kwanza. Miaka yote niliuona kwa kimo changu, katikati ya viwiko vya watu. Nikamwambia Kumi akate kwenda chini awavute wale wawili, nikamwambia Saba asimame kulia, nyuma ya mweupe.

Ilikwenda kama nilivyochora. Kumi akakata, zoni ikamfuata, Saba akabaki peke yake. Akatupia. Mpira ukaingia hata wavu haukusema. Sisi benchini tuko hewani, nami nikiwa wa kwanza, mpaka nikamwona refa ameinua vidole viwili. Saba alikuwa amesimama juu ya wa njano.

Tukafungwa kwa pointi moja.

Mwalimu aliporudi hakuuliza habari za mechi, zilishamfika. Akauliza nani alisaini skoshiti. Nikasema mimi. "Basi Jumatatu uje mapema uwapashe wasichana wa mwaka wa kwanza." Nikamaliza digrii, nikachezea klabu misimu michache, goti likakataa, nikaingia shule ya sekondari kufundisha Jiografia na kupeleka watoto UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Watu wakiniuliza niliamua lini kuwa kocha, huwa nasema vitu vya maana kuhusu kulea vipaji. Lakini ile dakika moja niliipenda kuliko kikapu chochote nilichowahi kufunga, na tulipoteza, na sijui hilo linasema nini juu yangu.

Saba sasa yuko benki, ana watoto wawili, na kila Idi tunabishana kwake. Kumi anaapa nilisema mweupe. Saba anasema nilisema kulia tu. Mwaka huu alichoka, akaweka kijiko chini.

"Haya, tuseme ulisema. Miaka mitatu kepteni wangu alikuwa ananiambia, 'Saba, usiangalie chini, tupia.' Ulitaka nimsikilize kocha wa dakika moja?"

Nikamwambia anisogezee kachumbari.