Siku moja na mashine ya kusagia sakafu, ghala la Vingunguti, Dar es Salaam

Watu wakiingia ghala lenye sakafu ya epoksi, ile rangi ngumu inayong'aa, husifu rangi. Mimi jicho langu huenda pembeni, pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa kuwa rangi huanza kubanduka hapo kama aliyeandaa zege alifanya haraka. Kazi yangu ni hiyo ya kuandaa. Nasaga zege kabla rangi haijaja. Vijana wengi huniuliza siku nzima ninafanya nini kama sipaki rangi, kwa hiyo leo naandika siku ya jana, tangu alfajiri.

Saa 10:45 alfajiri

Naamka Gongo la Mboto, naswali, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha chapati. Begi nililiandaa usiku: barakoa yenye machujio mawili ya kuzungusha, viziba masikio, kipimajoto cha sakafu, na kalamu za kukwaruzia. Daladala ya kwanza kwanza ndiyo nzuri, baadaye Barabara ya Nyerere haipitiki.

Saa 1:00 asubuhi

Ghala lina mita za mraba 400 hivi. Hii ni siku ya tatu, na zimebaki kama 130. Lakini mashine siiwashi kabla sijafungua nailoni.

Juzi saa 9 alasiri nilibandika vipande 9 vya nailoni ngumu, kila kimoja sentimita 45 kwa 45, pande zote nikaziba kwa selotepu pana ili hewa isipite. Kila mahali nilikwangua kwanza kwa grinda ya mkono, maana zege lililozibwa uso haliwezi kutoa siri yake. Kipimo hiki cha unyevu kinataka saa 16 kwa uchache. Saa 9 alasiri mpaka saa 1 asubuhi ni saa 16 kamili.

Cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Nikaendelea mpaka cha 8, vyote vikavu. Cha 9 kipo pembe ya nyuma, karibu na ukuta ambao nje yake kuna bomba la kuoshea magari. Nilipoinua ncha ya selotepu niliona matone madogo yamejipanga chini ya nailoni kama jasho kwenye mfuniko wa sufuria, na zege chini yake limekuwa jeusi. Nikaweka kiganja. Ubaridi wake ulikuwa tofauti na sehemu nyingine.

Nikamwita msimamizi wa mradi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umepata nini?”

Nikamwonyesha. Alichuchumaa akagusa mwenyewe, nikafurahi, kwa sababu wengi husimama mbali wakauliza tu kazi itaisha lini. Akasema mzigo unaingia Jumamosi, je, hatuwezi kukausha kwa moto wa gesi?

Nikamweleza kwamba moto unakausha ngozi ya juu tu. Maji yaliyo chini yanaendelea kupanda usiku na mchana, na epoksi haipitishi mvuke, kwa hiyo yakifika juu yanasukuma. Miaka mitatu iliyopita tuliwahi kukubali kupaka juu ya unyevu kwenye jengo jingine kwa sababu mwenye mali alikuwa na haraka. Baada ya miezi miwili vibofu vikainuka, ukivitoboa vinatoa maji yanayonata. Tulibandua kila kitu na kurudia kwa hasara yetu. Sitaki kuliona tena jambo hilo.

Tukakubaliana: pembe ile, mita za mraba kama 12, haitapakwa leo. Atatafutwa fundi bomba.

Saa 2:00

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi inapoharibika kwa wengi.

Sisi tumelelewa tukijua sakafu nzuri ni ile iliyopigwa niru: saruji kavu inanyunyizwa juu ya zege bichi, mwiko wa chuma unapita mpaka uso unateleza. Kwenye maghala kazi hiyo inafanywa na mashine ya mapanga tunayoiita helikopta. Kwa kutembelea na kufagia, uso ule ni mzuri kabisa. Kwa epoksi ni tatizo. Zege likimwagwa, maji ya ziada hupanda juu yakibeba saruji na mchanga laini kama unga. Yakikauka yanaacha utando dhaifu, na helikopta inaukandamiza mpaka unang'aa. Rangi ukiipaka hapo itashika utando vizuri sana, ila utando wenyewe haujalishika zege. Foklifti ikikata kona yenye mzigo, vinatoka pamoja.

Wapo wanaomwaga tindikali ili kuukwaruza uso. Ni rahisi, nakubali. Lakini tindikali haiingii palipodondoka mafuta, inaacha tope lisilosuuzwa vizuri, na inalowesha zege ambalo ulikuwa unalisubiri likauke. Mimi nimeiacha.

Basi, meno. Chini ya mashine kuna vichwa vitatu vinavyozunguka, na kila kichwa kinabeba vipande vya chuma vyenye chembe za almasi ndani yake. Almasi ndiyo inayokata, chuma kinaishika tu. Sheria yake huwashangaza wanafunzi wote: zege gumu linataka chuma laini, zege laini linataka chuma kigumu. Sababu ni kwamba almasi ya juu hukatika na kuwa butu, na chuma lazima kilike ili almasi mpya itoke. Zege gumu lina vumbi laini lisilokwaruza chuma, kwa hiyo ukiweka chuma kigumu hakiliki, meno yanalala, mashine inateleza juu kama inapiga deki. Zege bovu lenye mchanga mwingi, ukiliwekea chuma laini, seti nzima ya meno inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Ndiyo maana nina zile kalamu. Ncha zake zina ugumu tofauti. Nakwaruza nikianza na ngumu nikishuka, natazama ni ipi imeacha mkwaruzo. Sehemu kubwa ya ghala hili ni gumu, helikopta ilifanya kazi yake. Nikafunga chuma laini, almasi ya namba 30, yaani ya chembe kubwa.

Saa 2:40 mpaka saa 6:15

Mashine ina uzito wa kilo 300 hivi na inatumia umeme wa fezi tatu. Haisukumwi kwa nguvu. Unaiongoza kwa kiuno, unayumba nayo kushoto na kulia taratibu huku unarudi nyuma, na kila mstari unapanda theluthi moja ya mstari uliopita. Ukimaliza upande mmoja unaanza upya ukikatisha, ili pasibaki michirizi wala mabonde. Tunaondoa kama milimita moja, pengine pungufu.

Unasikiliza. Meno yakikata vizuri kuna mkoromo mzito, na vumbi linaingia kwenye bomba la vakyumu likichakarika. Saa 4 kasoro, sauti ilipanda ikawa nyembamba, kama kijiko kwenye sahani. Nikazima, nikapindua mashine: meno yamekuwa laini kwa kidole, yanang'aa. Tulikuwa tumeingia sehemu ngumu zaidi. Nikamwaga mchanga kidogo na maji kwenye kipande cha zege nje ya mlango, nikaipitisha mashine hapo dakika mbili tatu, almasi zikachomoza tena. Nikagusa, zinakwaruza. Tukarudi ndani.

Sasa vumbi, na hili nalisema kwa moyo wote. Kijana mmoja mpya alikuja amejifunga fulana puani. Nikamsimamisha. Vumbi la zege lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na ile inayoua ni ile usiyoiona, chembe ndogo kiasi kwamba zinapita fulana kama haipo na kukaa chini kabisa ya mapafu. Haziyeyuki, hazitoki. Mapafu yanajijengea makovu kuzizunguka, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1997. Mzee aliyenifundisha kazi alisaga miaka mingi bila vakyumu. Leo akipanda ngazi tano tu anashika ukuta.

Kwa hiyo mashine yetu haiwaki kama vakyumu haijawaka kwanza. Chujio lake la mwisho linakamata chembe 9,997 katika kila 10,000 za ukubwa ule mgumu zaidi kukamatwa. Vumbi linashukia kwenye mfuko mrefu wa nailoni unaofungwa kipande kipande, ili usifunguliwe wala kumwagwa hovyo. Na bado barakoa tunavaa. Yule kijana nilimpa ya akiba, nikamfundisha kuibana na kuipima: unaziba machujio kwa viganja, unavuta pumzi, ikikung'ang'ania usoni ipo sawa. Ndevu zake alizinyoa hapohapo kwa wembe wa dukani.

Saa 6:30

Swala, kisha kwa mama lishe. Wali, maharage, dagaa. Nilikula kimya, masikio bado yanavuma.

Saa 7:30 mchana

Pembeni na nguzo. Mashine kubwa inaacha kama kiganja kizima kando ya ukuta, na hapo ni grinda ya mkono yenye kikombe cha almasi, magoti chini. Ni kazi inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Nguzo 6, kila moja nilizunguka mara mbili. Grinda ya mkono ukiikandamiza upande inachimba nusu mwezi kwenye zege, na rangi inayong'aa inaianika nusu mwezi hiyo kwa kila atakayepita. Lazima ilale bapa.

Nyufa nazo zilikuwa tatu. Ufa haupakwi juu. Unafunguliwa kwa diski uwe na umbo la V, unafyonzwa vumbi, unajazwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu, na ukishakauka unasagwa usawa. Ile mistari iliyokatwa makusudi kwenye zege ili lipasuke kwa mpangilio, hiyo inaheshimiwa: inajazwa kitu kinachovutika. Ukiijaza ngumu, zege litachagua pa kupasukia lenyewe.

Saa 9:20 alasiri

Vakyumu mara mbili, kukatisha. Kisha nikapitisha kiganja nikakitazama. Cheupe? Rudia. Mara ya tatu kilitoka safi.

Nikadondosha maji sehemu saba. Yakitulia juu kama shanga, kuna mafuta au ngozi imebaki. Sita zilinyweka ndani ya dakika moja. Ya saba, karibu na mlango, ilikaa. Kumbe jenereta iliwahi kuegeshwa hapo. Nikaosha kwa sabuni ya kukata mafuta, nikakausha, nikasaga tena mpaka maji yakanywewa. Kipande hicho kidogo kilinilia dakika 50, na sijutii.

Mwisho vile vibao vya mpira. Taasisi ya ukarabati wa zege ya Marekani ina vibao 10 vya kuonyesha ukali wa uso, kuanzia 1, laini, mpaka 10, uliovunjwavunjwa kwa nyundo ya umeme. Kwa epoksi kama hii tunataka 2 mpaka 3. Unafumba macho, mkono mmoja kwenye kibao, mwingine kwenye sakafu. Yule kijana nilimwacha aamue. Akasema namba 2, inaelekea 3. Nami nilikuwa nimeona hivyohivyo.

Saa 10:40 jioni

Wapaka rangi walikuwa wamekaa tangu saa 9. Niliwaomba wasubiri jua lishuke. Zege linapopata joto, hewa iliyo ndani ya vitundu vyake inatanuka na kutoka, na praima, ile rangi ya kwanza ya chini, inajaa mapovu. Linapopoa, hewa inarudi ndani na kuivuta praima iingie. Hewa ilikuwa nyuzi 31 na unyevu asilimia 70, kwa hiyo umande ungetua kwenye kitu chenye nyuzi 25. Sakafu ilisoma 29. Tofauti ya 4, na tunayotaka isipungue 3. Nikawaambia, “Haya wakubwa, ni yenu.”

Wakachanganya, wakamwaga mistari mirefu mara moja, maana ikikaa ndani ya ndoo inachemka yenyewe. Raba ya kusambazia ikapita, kisha rola. Zege lililokuwa la kijivu likakolea likawa kama limelowa, na kwa dakika chache niliona likinywa, sehemu fulani zikififia tena mpaka rola ikarudi juu yake. Hakuna povu.

Saa 12:30 jioni

Fundi bomba alichimba nje ya ukuta akakuta kiungo kinavuja. Amekibadilisha. Ile pembe ya mita za mraba 12 imebaki kavu kwa macho na ya kijivu, imezungushiwa selotepu ili mtu asiivuke na rola. Nimebandika nailoni mpya mbili, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito juu yake: saa 12:35 jioni, usiguse. Tutaifungua, tukikuta jasho tutabandika nyingine. Mama msimamizi ameahidi kupanga mzigo wa Jumamosi kuanzia upande wa mlango.