Santo Tomas, Manila: Jengo la Padre Mhandisi

Jeepney, daladala ya Ufilipino, ya kutoka mtaa wa Quiapo ilikuwa imejaa pomoni. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi vilevile. Tulipofika barabara ya España, mama mmoja akanigusa bega: shuka hapa.

Chuo Kikuu cha Santo Tomas ni cha mapadre Wadominikani. Kilianzishwa mwaka 1611, kwa vitabu na peso 1,500 alizoacha Askofu Mkuu Miguel de Benavides alipofariki mwaka 1605. Zamani kilikuwa ndani ya kuta za Intramuros, mji mkongwe wa Manila. Huku mtaa wa Sampaloc kilihamia mwaka 1927. Watoto wa sekondari na madaktari watarajiwa wanatumia viwanja hivyohivyo.

Mimi nilifuata jengo kuu. Aliyelichora ni padre, Roque Ruaño, naye alikuwa mhandisi. Tetemeko la mwaka 1923 lilipobomoa Tokyo na Yokohama, alirudi kwenye michoro yake, akaligawa jengo katika sehemu 40 zinazojitegemea, ili ardhi ikitikisika kila moja icheze kivyake bila kuivuta jirani. Binti anayesoma usanifu majengo ndiye aliyenionyesha ukumbini: ufa mwembamba, ulionyooka, unaokata sakafu na kupanda ukutani. Nikaweka mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule. Nimeona makanisa mengi yenye dhahabu na michoro, lakini kwangu mimi mstari ule ni ibada kamili. Kuna mtu aliwaza uhai wa watoto ambao hatawaona kamwe.

Na jengo lilikuja kubeba mzigo ambao yeye hakuupangia. Januari 1942 Wajapani walioiteka Manila walikigeuza chuo kuwa kambi ya raia wa kigeni, wengi wao Wamarekani na Waingereza. Zaidi ya watu 3,000, watoto kwa wazee, walilala madarasani. Wengine wakajijengea vibanda vya mianzi na makuti uwanjani. Kuelekea mwisho chakula kilikuwa haba kiasi kwamba watu walikufa kwa njaa. Vifaru vya Marekani viliingia usiku wa tarehe 3 Februari 1945. Leo kwenye vyumba hivyo kuna wanafunzi na madaftari yao, na ni haki kabisa iwe hivyo, ila ningependa kila anayeingia aambiwe.

Tulitokea upande wa Tao la Karne, lililobeba mlango wa chuo cha zamani ulioletwa kutoka Intramuros. Wanafunzi wapya hupita chini yake wakiingia, na wahitimu hupita wakitoka. Nikamwambia binti yule tupite tupige picha. Akacheka, akarudi nyuma.

"Hapana, kaka. Pita wewe. Ukitoka hapo kabla ya kuhitimu, humalizi chuo."

Amebakiza miaka miwili. Nikapita peke yangu, naye akazunguka.