Waya mpya ulinipotosha: nilivyojifunza kununua hisa za watengenezaji wa diski

Waya ndio ulioniponza. Miaka hiyo nilikuwa fundi wa kompyuta, na kila siku nilipambana na ule waya bapa wa kijivu wenye nyuzi 80 unaounganisha diski na ubao mama. Ukiukunja unakataa, ukiulazimisha unaziba hewa ya feni. Mwaka 2003 vipimo vya SATA, njia mpya ya kuunganisha diski na ubao mama, vilipotoka, na kebo nyembamba yenye pini saba ikaanza kuingia kwenye mashine, nilijiona nimetuliwa mzigo. Nikajiambia kila mwenye kompyuta ataitaka, na mwenye kutengeneza diski atauza mpaka achoke. Nikachota sehemu kubwa ya akiba yangu, nikanunua hisa za mtengenezaji mmoja aliyekuwa akiitangaza SATA kwa kishindo.

Haukupita mwaka, hisa zile zikawa zimepoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake.

Badala ya kuuza kwa hasira, nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kununua. Nilichukua diski mbili za aina moja, ukubwa mmoja, moja ya waya bapa na nyingine ya SATA. Nikanakili folda ileile kubwa ya picha kwenda kwenye kila moja, saa mkononi. Zote mbili zilikwenda kiasi cha megabaiti 60 kwa sekunde, na tofauti yao haikufaa hata kuandikwa. Waya wa zamani uliweza kupitisha 133, mpya 150. Nilipoipindua ile ya SATA na kutazama ubao wake, niliona chipu ndogo pembeni ya plagi. Diski nyingi za mwanzo za SATA zilikuwa hivyo: mtambo wa ndani ni uleule wa zamani, chipu inautafsiria lugha mpya. Bomba limepanuliwa, kisima ni kilekile. Kasi ya diski hutoka kwenye sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma, haitoki kwenye kebo.

Kulikuwa na jambo la pili, na kwa mwekezaji ndilo kubwa zaidi. SATA ilikuwa kiwango cha wote. Kila kiwanda kiliipata karibu wakati mmoja, na kitu ambacho washindani wote wanacho hakimpi yeyote nguvu ya kupandisha bei. Mimi nilikuwa nimelipia habari njema ya mnunuzi wa kompyuta nikidhani ni habari njema ya mwenye hisa.

Nikarudi kwenye ripoti za robo mwaka, safari hii nikizisoma kuanzia nyuma. Nilianza na bidhaa zilizolala ghalani, kwa sababu diski haina subira: inayokaa miezi michache inauzwa kwa bei ya kutupa, kwani mwenzake ameshatoa yenye nafasi kubwa zaidi. Kisha faida ghafi, yaani kinachobaki kwenye mauzo baada ya kutoa gharama za kutengeneza. Kisha swali lililonichukua muda kulielewa: sahani moja inabeba gigabaiti ngapi? Ukiweza kuweka gigabaiti 80 kwenye sahani moja wakati mpinzani wako anahitaji mbili, unaokoa sahani nzima pamoja na vichwa vyake viwili, katika kila diski inayotoka kiwandani. Hapo ndipo pesa ilipo. Hisa zangu niliziuza kwa hasara baada ya kuona kwamba mtengenezaji wangu alikuwa nyuma kwenye jambo hilo.

Toka hapo habari za kiolesura kipya, yaani njia ya kuunganisha diski na kompyuta, nilizisoma kama fundi tu. SATA ya gigabiti 3 kwa sekunde ilipokuja sikununua kitu. Nilichokifuatilia ni nani anabaki uwanjani. Hitachi ilikuwa imeshachukua biashara ya diski ya IBM. Mwaka 2006 Seagate ikainunua Maxtor. Mwaka 2011 Seagate ikachukua biashara ya diski ya Samsung, na Machi 2012 Western Digital ikakamilisha ununuzi wa kitengo cha Hitachi. Wakabaki watatu, pamoja na Toshiba. Katikati ya hayo yakaja mafuriko ya Thailand ya 2011, viwanda vikazama, diski zikaadimika na bei zikapaa. Ni msiba ambao sipendi kuuita somo, ila ulinionyesha wazi kwamba wauzaji wakiwa wachache na maghala yakiwa matupu, bei hupanda hata kama diski zinazouzwa ni chache. Nilirudi kununua baada ya hapo, kidogo kidogo, wakati hofu ya diski za chipu (SSD), zisizo na sahani inayozunguka, ilipokuwa imezishusha hisa.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure. NVMe, njia ya kuunganisha diski za chipu iliyotoka 2011, ndiyo kiolesura pekee nilichokiona kikigeuza biashara kweli. Diski ya chipu haina kichwa cha kusubiri, kwa hiyo kwake ukomo wa SATA wa megabaiti 600 kwa sekunde ulikuwa kizuizi halisi. Mpango wa zamani wa kupanga amri za diski kwenye SATA ulikuwa na foleni moja ya amri 32, NVMe ikaruhusu foleni zaidi ya 60,000. Lakini aliyefaidika ni mwenye kutengeneza chipu. Kwa diski za kuzunguka ilikuwa hasara: kompyuta za mkononi zikazihama, na idadi ya diski zilizouzwa kwa mwaka, iliyokuwa imezidi milioni 600 mwaka 2010, ikaporomoka. Niliacha kuhesabu diski, nikahesabu jumla ya eksabaiti (kila moja ni terabaiti milioni moja) zilizouzwa. Hiyo iliendelea kupanda, kwa sababu vituo vya data vinatafuta terabaiti ya bei nafuu, na picha iliyohifadhiwa miaka mitano haihitaji kasi ya chipu.

Kosa moja niwaepushe nalo: msizinunue hisa hizi kwa kutegemea gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Seagate ililisimamisha 2009, Western Digital 2020. Ni biashara ya kupanda na kushuka, na pesa yenye tarehe, kama ya karo, haifai kuingia humo. Mimi siruhusu zivuke sehemu ya kumi ya hisa zangu zote.

Januari 2024 Seagate ilipotangaza diski za terabaiti 30 na zaidi, zinazoandika kwa kupasha joto nukta ya sahani kwa leza, nilifungua karatasi ya vipimo. Kasi ya kusoma haifiki megabaiti 300 kwa sekunde. Kiolesura: SATA ya gigabiti 6, ileile ya 2009. Sahani kumi, kila moja terabaiti 3. Nikaweka alama kwenye hilo la mwisho, nikafungua ukurasa wa faida ghafi.