Shilingi ya 1787: tafuta mioyo kwanza

Shilingi ya fedha ya George III, mfalme wa Uingereza, ya mwaka 1787 ni mahali pazuri pa kuzoeza jicho. Geuza upande wa ngao nne, utafute ngao yenye farasi wa Hanover, nchi ya Ujerumani aliyoitawala pia mfalme huyo. Humo yumo pia simba aliyesimama wima. Baadhi ya mihuri ya kugongea sarafu ilichongwa mioyo midogo kumzunguka simba huyo. Mingine haikuwa nayo. Tumia kioo cha kukuza mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni, siyo juu, ili kilichochomoza kitupe kivuli.

Kosa la kawaida ni kuita sarafu iliyosagika "isiyo na mioyo". Ikiwa manyoya ya simba yamefutika, mioyo nayo ingekuwa imeshakwenda, hapo usihukumu. Simba akiwa bado mkali na uwanja unaomzunguka mtupu, basi umepata jibu.

Aina zote mbili zinapatikana bila shida. Adimu zaidi ni ile isiyo na nukta juu ya kichwa cha mfalme, na hapo ndipo wengi hudanganyika: grisi na uchafu vikiziba tundu la nukta kwenye muhuri, sarafu hutoka bila nukta, au na kivimbe hafifu tu. Izungushe polepole chini ya taa. Kivimbe kikionekana, siyo ile aina adimu.

Na tafadhali, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia fedha. Unafuta ushahidi wenyewe.